Ubora wa maisha si picha ya mgongo

Ubora wa maisha ni jinsi mtu mwenyewe anavyoyaona maisha yake, akiyapima kwa anayoyathamini na anayoyatarajia. Humo mna mwili, moyo, watu wake na mazingira yake. Shirika la Afya Duniani linaueleza hivyo hivyo, kwa maneno marefu zaidi. Maana yenyewe si ngumu. Tabu iko kwenye matumizi, hasa wanapozungumziwa wazee waliofanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo.

Sentensi inayosikika mara nyingi mno ni hii: "Upasuaji umefanikiwa, ubora wa maisha yake umerudi." Ukimuuliza msemaji amejuaje, atakuonyesha eksirei. Vyuma vimekaa sawasawa, pingili zimenyooka, mishipa ya fahamu iliyokuwa imebanwa imepata nafasi. Hizo ni habari njema kweli, lakini ni habari za kazi ya daktari. Mzee bado hajaulizwa kitu.

Nadhani neno "ubora" lenyewe ndilo linalotupoteza. Tumelizoea kwenye bidhaa: ubora wa saruji, ubora wa mbegu, udhibiti wa ubora. Huko kuna mkaguzi mwenye kipimo chake, na saruji haiulizwi maoni. Lakini "bora" ina matumizi mengine tunayoyasema kila siku bila kufikiri: "Bora nibaki nyumbani." "Bora nitembee polepole nifike." Hapo anayepima ni msemaji, na nyuma ya kila "bora" kuna "kuliko" anayoijua yeye. Ubora wa maisha unatoka kwenye "bora" hii ya pili. Wazee wawili wenye vyuma vinavyofanana na picha zinazofanana wanaweza kuwa na ubora wa maisha tofauti kabisa, kwa sababu mmoja alichotaka ni kulala usiku bila kuamshwa na miguu inayowaka, na mwingine alitaka kukaa saa mbili ibadani pamoja na wenzake.

Na kujumuika huko ndiko kunakosahaulika kwanza. Watu hudhani "maisha ya kijamii" ni sherehe na matembezi, mambo ya ziada baada ya afya. Jamii, jamaa, jumuiya na hata Ijumaa ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kukusanyika. Mzee asiyeweza kukaa na watu wake hajapungukiwa na burudani tu, amepungukiwa na jamaa.

Vipimo vyenyewe vinalijua jambo hili, ila visomwe vizuri. Hojaji ya Oswestry, iliyochapishwa mwaka 1980 na inayotumika sana kwa wagonjwa wa mgongo, ina vifungu 10, kila kimoja alama 0 hadi 5. Jumla ikiwa 26 kati ya 50, hiyo ni asilimia 52 ya ulemavu. Kifungu cha 9 ndicho cha maisha ya kijamii. Kwa kuwa ni kifungu kimoja kati ya kumi, mzee anaweza kushuka kutoka asilimia 52 hadi 30, familia ikashangilia, na kifungu cha 9 kikawa hakijasogea hata alama moja. Tena kifungu hicho kinauliza kama *maumivu* ndiyo yanayomzuia mtu kujumuika. Aliyepona maumivu lakini hatoki kwa hofu ya kuanguka anaweza kujibu, kwa ukweli kabisa, kwamba maumivu hayamzuii. Atapata sifuri, yaani hana tatizo, na ataendelea kukaa ndani. Hojaji fupi ya Shirika la Afya Duniani yenye maswali 26 ni afadhali kidogo hapa: mahusiano yana maswali 3 tu, lakini alama zake hutolewa peke yake, hazizamishwi kwenye jumla.

Maumivu yakiisha, kinachombakiza mzee ndani huwa ni mambo madogo yanayoonekana kwa macho. Kiti kilicho chini kuliko magoti yake humlazimu ainamishe mgongo ndipo anyanyuke. Anahitaji kiti chenye mikono, asogee hadi ukingoni, arudishe miguu nyuma, kisha asukume kwa mikono. Akikaa zaidi ya nusu saa hivi mwili unakakamaa, kwa hiyo akiketi katikati ya safu ataona haya kuwapita watu. Aketi pembeni, asimame kila anapohitaji. Mkojo ukiwa unamhimiza anapunguza maji ili asiaibike, kisha inakuja choo ngumu na kizunguzungu. Na lile agizo la baada ya upasuaji, "usiiname, usinyanyue, usijisokote", lina muda wake, lakini mara nyingi hakuna anayemwambia muda umeisha. Watoto kwa mapenzi wanazidi kumwambia apumzike, misuli ya miguu inanyong'onyea, na wageni waliojaa wiki za mwanzo wameshaacha kuja.

Kwa hiyo tuyape maneno kazi zake. Ukiwa umeona mshono umefunga, sema kidonda kimepona. Mifupa iliyounganishwa huhitaji miezi mingi, mara nyingi 6 hadi 12 au zaidi, kwa hiyo usiseme imeunga kabla picha haijaonyesha. Miguu ikiwa haiwaki tena, sema amepata nafuu, neno zuri lililo ndugu wa "manufaa". "Ubora wa maisha" liache kwanza, mpaka umeketi naye na kumuuliza: tangu upasuaji umekwenda kwa nani, na nani amekuja kwako, na ungependa iwe vipi?