Printa na Kompyuta Mpakato: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote, hasa kwa wanaonunua printa zilizokwisha kutumika ili wafungue steshenari, ni kwamba waya wa USB ukishaingia kwenye tundu lake, kilichobaki ni kuchapa tu. Ukweli ni kwamba waya hupitisha data, lakini anayeigeuza hati kuwa amri zinazoeleweka na printa ni draiva, yaani programu ya kompyuta inayoiendesha printa, na draiva hiyo sharti ilingane na mfumo endeshi wa kompyuta. Windows ya biti 64 (toleo linalochakata data kwa vipande vikubwa kuliko lile la biti 32) haipokei draiva ya printa ya biti 32, na Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32. Kwa hiyo printa ambayo mtengenezaji wake aliishia kwenye biti 32 inaweza kugoma hata kwenye kompyuta mpya yenye nguvu. Kompyuta zenye prosesa ya ARM, aina tofauti na za Intel na AMD, nazo hudai draiva iliyoandikwa kwa ajili ya ARM64.

Itazame HP LaserJet 1020. Printa hii ndogo huiachia kompyuta kazi kubwa ya kuandaa ukurasa, na kila inapowashwa, kompyuta ndiyo inayoipelekea programu yake ya ndani. Muuzaji akikuchapia ukurasa safi kwa kompyuta yake, amethibitisha kwamba mashine ni nzima. Hajathibitisha kwamba itachapa kwa kompyuta yako. Nenda dukani na kompyuta yako mwenyewe, hata kama muuzaji atanuna.

Kwamba kompyuta ya HP hutaka printa ya HP si kweli hata kidogo.

Wengine huamini kwamba kuchapa kwa Wi-Fi hula bando. Hati inayotoka kwenye kompyuta kwenda kwa printa iliyo kwenye ruta ileile haipiti kwenye intaneti, na kwa Wi-Fi Direct, yaani kompyuta kuunganishwa na printa moja kwa moja, hata ruta haihitajiki. Kikwazo halisi kiko kwingine: printa nyingi za bei nafuu hupokea masafa ya 2.4 GHz pekee, hivyo ruta iliyowekwa kurusha 5 GHz tu haitaonekana kwenye printa, ingawa kompyuta inaiona vizuri.

Kauli kwamba printa za siku hizi hazihitaji draiva ina ukweli nusu. AirPrint ya Apple, iliyoanza mwaka 2010, na Mopria, iliyoasisiwa mwaka 2013 na Canon, HP, Samsung na Xerox, huwezesha kuchapa bila draiva ya mtengenezaji, ila skana na kipimo cha wino mara nyingi huendelea kudai programu ya mtengenezaji.

Kabla ya kulipa, tafuta modeli kamili kwenye tovuti ya mtengenezaji, bila kuacha hata herufi ya mwisho, kisha uangalie mifumo endeshi iliyoorodheshwa hapo. LaserJet P1102 na P1102w zinafanana kwa umbo, lakini ya kwanza ina USB tu, na ya pili ndiyo yenye Wi-Fi.