Je, wajua akili hisia ya mwanachuo hupimwaje?

Mwanachuo anapewa dodoso. Sentensi moja inasema, "Huwa natambua mapema kwamba nimeanza kukasirika," naye azungushie namba: 1 akiwa hakubali kabisa, 5 akiwa anakubali kabisa. Ukitazama vizuri, huo ni mtihani ambao mtahiniwa anajisahihishia mwenyewe.

Tafiti nyingi za vyuoni hupima kwa njia hiyo akili hisia, yaani uwezo wa mtu kutambua, kuelewa na kuongoza hisia zake na za wenzake. Dodoso la Schutte na wenzake, la mwaka 1998, lina sentensi 33, hivyo alama huanzia 33 hadi 165. Halina gharama kubwa, na ukumbi mzima hulimaliza kwa dakika chache. Lakini nyani haoni kundule. Asiyezisoma hisia zake atajuaje kwamba hazisomi?

Peter Salovey na John Mayer, walioieleza dhana hii kitaalamu mwaka 1990, waliona ipimwe kama uwezo mwingine wowote: mtu apewe kazi aifanye. Jaribio lao walilolitoa pamoja na David Caruso mwaka 2002, MSCEIT, lina maswali 141. Unaonyeshwa picha ya uso, useme una hofu kiasi gani, una furaha kiasi gani. Unasimuliwa mkasa wa mtu, uchague hatua itakayomsaidia kutulia.

Sasa jibu sahihi anaamua nani? Hapo ndipo penye utamu. Njia moja ni kuangalia watu wengi walijibu nini: kadiri jibu lako lilivyochaguliwa na wengi, ndivyo unavyopata alama zaidi. Hesabu haisahihishwi kwa kura, na mwenye jicho kali kuliko umati anaweza kuadhibiwa kwa ukali wake. Ndiyo maana kuna njia ya pili, ya kulinganisha majibu na ya wataalamu 21 wa utafiti wa hisia. Kwangu hiyo ina nafuu, ingawa nao ni watu.

Wanafunzi walewale wakifanya vipimo vya aina zote mbili, matokeo hukaribiana kidogo sana. Anayejiona hodari si lazima awe ndiye aliyesoma zile nyuso vizuri. Mwaka 2020 Carolyn MacCann na wenzake walikusanya tafiti zenye wanafunzi zaidi ya 42,000, wa shule na vyuo, kuona kama akili hisia inaenda sambamba na maksi za masomo. Kwa kipimo ambacho 0 ni kutohusiana na 1 ni kuhusiana kikamilifu, majaribio ya uwezo yalipata 0.24, na madodoso ya kujipima 0.12, nusu yake.

Na chuo kikitaka kutumia dodoso kuchagua wa kudahiliwa? Mwombaji anayejua kinachotafutwa atazungushia 5 kuanzia juu hadi chini. Kwenye picha za nyuso, kutaka tu kuonekana hodari hakumpi jibu.