Anna Karenina haiishii chini ya treni

Ukiuliza riwaya ya Anna Karenina inaishaje, wengi watakujibu upesi: mwanamke anajitupa chini ya treni, basi. Ni kweli anajitupa. Mwandishi wake Mrusi, Tolstoy, anatuonyesha hata mkoba mwekundu aliohangaika kuuvua mkononi, behewa la kwanza likampita, ikabidi angoje la pili. Lakini huo ni mwisho wa sehemu ya saba, na kitabu kina sehemu nane.

Chanzo kimojawapo cha dhana hiyo ni cha zamani. Riwaya ilitoka kwa mafungu katika jarida la Russkiy Vestnik kuanzia 1875. Ilipofika sehemu ya nane, mwaka 1877, mhariri Katkov aliikataa kwa sababu Tolstoy aliwabeza Warusi waliojitolea kwenda kupigana Serbia. Wasomaji wakapewa muhtasari mfupi tu. Tolstoy akaichapisha mwenyewe kama kijitabu.

Humo, kama miezi miwili baada ya kifo, tunamkuta Vronsky, mpenzi wa Anna, stesheni akielekea Serbia, jino linamuuma hata kuongea taabu. Kisha anaona magurudumu yakiteleza relini, anamkumbuka Anna, na maumivu ya jino yanasahaulika. (Kwangu mimi, ukurasa huo unauma kuliko ule wa treni.)

Neno la mwisho ni la Levin, mhusika mkuu mwingine, mkulima mwenye mke na mtoto mchanga. Amepata imani, ila anakiri kwamba ataendelea kumfokea Ivan, dereva wa farasi wake.