Darubini haina kilomita

Wiki hii nimetumiwa tena picha ya darubini ndogo ya macho mawili, na chini yake swali lilelile: "Kaka, hii inavuta kilomita ngapi?" Anayeuliza ni mtu makini. Amejibana akapata laki na kitu, anataka kifaa cha kuingia kwenye begi ili akienda Ziwa Duluti au Momela siku ya mapumziko aangalie ndege. Muuzaji amemwambia hii inavuta kilomita tatu, na ile ya pembeni yake, iliyochangamka bei kidogo, inavuta kumi. Mimi naongoza wageni wanaokuja kuangalia ndege, ndiyo kazi inayonilisha, na nimechoka kulijibu swali hili kwa mtu mmoja mmoja. Naliandika hapa ili nikiulizwa tena nitume kiungo.

Darubini haina kilomita. Jicho lako tupu linaona mwezi, na mwezi uko takriban kilomita 384,000 kutoka hapo ulipo. Kuona mbali si kazi ya darubini. Kazi yake ni kukuza. Ikiandikwa 8x25, ile 8 ina maana kwamba ndege aliye mita 80 ataonekana kana kwamba yuko mita 10. Ile 25 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Basi.

Hizo kilomita najua zinakotoka. Kwenye mgongo wa darubini nyingi kuna maandishi kama 110M/1000M. Muuzaji anayasoma "kuanzia mita 110 hadi mita 1000", na mteja anaitikia. Maana yake ni kwamba ukiangalia eneo lililo mita 1000 mbele yako, duara unaloliona lina upana wa mita 110. Ni kipimo cha upana. Kwa mtu wa ndege hii ni moja ya namba zenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo hiyo inayosomwa kinyume kila siku! Watengenezaji wa bidhaa feki wameshaujua ugonjwa wetu, ndiyo maana utakuta kitu cha plastiki kimeandikwa 1500M/9500M. Piga hesabu: hiyo ni sawa na mita 158 kwa kila mita 1000, upana unaopatikana kwenye darubini chache mno za bei ya juu kabisa duniani. Namba imewekwa pale ili wewe uone 9500 na utoe pesa.

Nikae kidogo kwenye huo upana, kwa sababu ndipo watu wanapokata tamaa wakadhani kuangalia ndege kunahitaji kipaji. Uko msitu wa Ngurdoto, kuna vindege vinarukaruka kwenye matawi mita 20 juu na mbele yako. Darubini ya 110M/1000M kwa umbali huo inakuonyesha kipande cha mti chenye upana wa mita 2 na sentimita 20. Hicho ni kipande kizuri: ndege akihama tawi bado umemshika. Sasa chukua ile ya kukuza mara 20 na zaidi, ambayo mara nyingi inaonyesha kama mita 40 kwa 1000. Kwa umbali uleule umebaki na sentimita 80. Ni kama kuchungulia sebule ya watu kwa tundu la ufunguo. Unainua, unaona majani. Unasogeza, majani mengine. Ukishaijua sehemu yenyewe ndege ameondoka zamani. Mtu anarudi nyumbani anasema hajui kuangalia ndege, kumbe anajua sana, ila kifaa kimemfunga macho.

Halafu kuna mkono. Darubini inakuza ndege, na inakuza mtetemeko wa mkono kwa kiwango kilekile. Mara 8 mkono wa kawaida unaimudu. Mara 10 unaimudu ukibana viwiko kifuani. Ukivuka 12 unahitaji stendi, au uegemee kitu, na ukiwa ndani ya gari ambalo dereva hajazima injini sahau kabisa. Nimewaona watu na darubini za mara 30 kwenye ukingo wa Ziwa Manyara saa sita mchana wakilalamika kwamba flamingo wanacheza kama moto. Wanaocheza si flamingo, ni joto linalopanda kutoka ardhini. Hewa ile inayochemka nayo inakuzwa mara 30. Mwenye mara 8 pembeni yao anawaona flamingo wametulia zaidi, wadogo lakini safi, na anahesabu.

Kwa hiyo: mara 8. Kwa anayeanza, kwa mtoto, kwa mama anayetaka kumwona chozi, kale kandege ka kunyonya maua, bustanini, kwa mtu wa begi dogo, mara 8. Hata 7 au 6.5 si aibu.

Je, 10x25? Hapa nabishana na wenzangu mpaka leo. Sehemu za wazi, ndege wa majini wakiwa mbali na jua likiwa kali, mara 10 inanisaidia kuona urefu wa mdomo na rangi ya miguu, na wakati mwingine utambuzi wote umelala hapo. Wapo waongozaji wazuri kuliko mimi ambao hawabebi kingine. Lakini hao wanabeba 10x42, si 10x25, na tofauti hiyo ndiyo inayosahaulika mtu anaponiambia "mbona fulani anatumia kumi".

Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza. 10x25 inakupa 2.5, 8x25 inakupa 3.1, 8x32 inakupa 4, 8x42 inakupa 5.25. Hizo ni milimita za duara la mwanga linalotoka nyuma ya darubini kuingia kwenye mboni. Mchana wa jua mboni yako imejibana mpaka milimita 2 au 3, kwa hiyo darubini ndogo na kubwa zinakaribia kulingana mwanga, na anayekuambia kadogo hakafai popote anakuonea. Ila ndege hawafuati ratiba ya mchana. Wanachangamka kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi kama saa tatu, na chini ya miti mikubwa saa hizo kuna kiza. Mboni inafunguka mpaka milimita 5 au zaidi, duara la 2.5 linakuwa halitoshi, na ndege wa kijani juu ya jani la kijani anakuwa kivuli. Hapo ndipo 10x25 inaponiudhi. 8x25 inavumilika. 8x32 ni raha, na siku hizi zipo zisizozidi kiganja sana.

Za zuum niseme haraka. Zile zenye kijiti cha kubadilisha ukuzaji, 8 hadi 24 na ndugu zake, ziache. Lenzi zinazotembea ndani ya mirija miwili lazima ziende sambamba kabisa, na kwa bei hiyo haziendi. Macho yanavutana, kichwa kinauma. Hata ukiiweka kwenye namba ndogo kabisa, upana wake ni finyu. Iliyoandikwa "usiku na mchana" haioni usiku.

Zenye lenzi nyekundu zinazong'aa kama kito, hapo sina subira. Watu wanazipenda kwa sababu zinaonekana za kijeshi. Utando wowote kwenye lenzi unatakiwa kupunguza mwanga unaorudi nyuma: kioo kitupu kinarudisha kama asilimia 4 kwenye kila uso, na darubini ina nyuso nyingi, kwa hiyo nyuso kumi tu zisizopakwa kitu zinakula karibu theluthi ya mwanga wako. Kuanzia 1935, Alexander Smakula alipobuni utando wa kuzuia hasara hiyo akiwa Zeiss, tatizo hili lina dawa. Utando mzuri ukiutazama una weusi wenye kivuli cha kijani au zambarau, hafifu. Sasa utando mwekundu unarudisha wekundu nje. Wekundu unaouona wewe kwenye lenzi ni wekundu ambao hautaingia jichoni. Dunia inakuwa ya kibuluu, na yule chozi dume mwenye kifua chekundu kama damu, ambaye watu wanasafiri kutoka Ulaya kuja kumwona, anakuwa na kifua cha kahawia iliyofifia. Umelipa pesa ili uibiwe rangi.

Kuhusu umbo. Zipo zilizovimba mabega, ambazo lenzi za mbele na za nyuma hazikai kwenye mstari mmoja. Mpangilio huo wa prizimu, vile vioo vya ndani vinavyopindisha mwanga, alioubuni Ignazio Porro mnamo 1854 bado unatamba. Zipo zilizonyooka moja kwa moja. Watu wanapenda zilizonyooka kwa sababu zinaonekana za kisasa na zinakunjika. Lakini prizimu za ndani ya zilizonyooka zinataka usahihi mkubwa, na tando za ziada ambazo ni ghali. Kwenye bei ya chini vitu hivyo ndivyo vinavyorukwa kwanza. Kwa pesa ileile ndogo, ya Porro kwa kawaida inaonyesha vizuri zaidi. Kuna ndogo za aina hii ambazo zimegeuzwa, lenzi za mbele zikakaribiana kuliko macho. Hazikunjiki, zimekaa kama kisanduku, na kwa laki mbili tatu ndizo ninazowaelekeza watu. Pentax Papilio ya 6.5x21 ni ya ukoo huo na inaona vizuri mpaka nusu mita. Ukipenda na vipepeo, itafute.

Mambo ya aina ya kioo cha prizimu, BaK-4 na BK7, nimeyapunguzia imani. Vitabu vinasema BaK-4 ni bora, na kwa nadharia ni kweli: ukiishika darubini mbali na uso, ukaielekeza angani, viduara vya mwanga vinatakiwa viwe mviringo kamili, si vilivyokatwa pembeni. Lakini nimeshashika za BK7 zilizonionyesha manyoya vizuri kuliko za BaK-4 zilizofungwa ovyo. Na maandishi hayo mtu yeyote anaweza kuyapiga chapa. Siku hizi naangalia duara, sisomi lebo.

Dukani, toka nje. Usikubali kujaribu ndani chini ya taa. Tafuta waya wa umeme ulio mbali, wenye anga nyuma yake. Ukiutazama usiwe na mstari mnene wa zambarau au kijani pembeni, kidogo kinavumilika. Kisha, ukiwa bado unautazama, sogeza darubini taratibu mbali na macho, sentimita chache. Waya ukate viduara vyote viwili kwa kimo kimoja. Ukiwa juu kwenye kimoja na chini kwenye kingine, mirija haiko sambamba. Irudishe, hata kama muuzaji anakuapia kwamba macho yatazoea. Macho yanazoea kweli, kwa kukuumiza kichwa. Baadaye tazama kitu kilicho hatua tatu kutoka ulipo. Kisipoonekana safi, utakosa raha ya kumtazama chozi kwenye maua ya shubiri dirishani kwako, na hiyo ndiyo raha ya kwanza ya darubini ndogo.

Kabla ya kuihukumu, irekebishe. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione safi. Fumba la kushoto, sasa zungusha pete ndogo iliyopo kwenye lenzi ya jicho la kulia tu, kwa kawaida ndiko iliko. Ukimaliza usiiguse tena. Kuanzia hapo ni gurudumu la katikati peke yake. Darubini nyingi ninazoletewa zikiitwa mbovu zilikuwa hazijawahi kufanyiwa hivyo.

Wenye miwani: kunja vile vikombe vya mpira, na utafute iliyoandikwa kwamba jicho linaweza kukaa milimita 15 hivi kutoka kwenye lenzi. Zile ndogo sana nyingi hazifiki hapo. Jaribu ukiwa na miwani yako usoni.

Kuzuia maji nako kuna mabishano. Kwa mtu wa Arusha anayetoka asubuhi zisizo na mvua, ningeweka pesa kwenye kioo kabla ya kuziba maji. Kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja, simwambii hivyo hata kidogo. Unyevu wa pwani unaingia polepole, ukungu unaota ndani, na iliyofungwa vizuri ikajazwa gesi ya naitrojeni inadumu.

Vumbi letu la volkano ni kali. Lipulize kwanza, ligonge kwa brashi laini, ndipo ufute kwa kitambaa kilicholowa kidogo. Ukifuta kwa fulana au ncha ya kanga ikiwa kavu unasugua mchanga juu ya utando. Pwani usiifungie kwenye mkoba wa ngozi. Iache penye hewa na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Nyuzi nyeupe zikishaota ndani ya lenzi, fundi wa kuifungua na kuipanga upya, ukimpata, atakudai zaidi ya ulichonunulia.