Kiolezo cha pamoja cha mkondo wa ujenzi: maana yake

Septemba 2023, toleo la 16 la Node, programu inayoendesha msimbo wa JavaScript, lilifika mwisho wa kuhudumiwa. Sisi tulikuwa watu wanne katika chumba kimoja Ngamiani, Tanga, juu ya fundi cherehani, na ripo, yaani hifadhi za msimbo, kumi na moja. Kila ripo ilikuwa na faili lake la `.gitlab-ci.yml`, linaloiambia seva ya GitLab namna ya kujenga msimbo, na kila faili lilikuwa na mstari uleule: `image: node:16`. Tukabadili mafaili kumi. La kumi na moja, la ile ripo ya kuhesabu marobota ya mkonge, tukalisahau. Likaendelea kujengwa kwa toleo lililokwisha mpaka Ramadhani iliyofuata, siku kifurushi kimoja (msimbo wa wengine tunaouteremsha) kilipogoma kwa sababu kinataka Node 18.

Hapo ndipo tulipoanza kutumia kiolezo cha pamoja.

Mkondo wa ujenzi ni mlolongo wa hatua ambazo seva huzifuata kila mtu anapopandisha msimbo: kuteremsha vifurushi, kuendesha majaribio, kujenga programu, kuipeleka inakotumika. Hatua hizo huandikwa kwenye faili ndani ya ripo. Ukiwa na ripo nyingi zinazofanana, unaishia kunakili faili moja kila mahali, na nakala hazichukui muda kuachana. Kiolezo cha pamoja ni kuziandika hatua hizo mara moja, kwenye ripo ya peke yake, halafu ripo nyingine zote zikaziita. Kwenye GitLab mwito wenyewe ni huu:

```
include:
  - project: 'timu/violezo'
    ref: 'v1.4'
    file: '/jenga.yml'
```

GitHub Actions wanayo kazi hiyohiyo tangu 2021, kwa neno `workflow_call`. Jenkins wana maktaba za pamoja, unaziita kwa `@Library`. Majina tofauti, jambo moja.

Fundi wa chini yetu anaielewa dhana hii kuliko wanafunzi wengi wa kompyuta niliokutana nao. Januari, shule zikifunguliwa, kola zote za sare anazikata kwa kipande kimoja cha boksi kilichotundikwa ukutani. Siku kipande kile kilipoliwa na maji pembeni, kola za siku nzima zilitoka pungufu.

Ndiyo maana mstari ninaoutazama kwanza pale juu ni `ref`. Usipouandika, GitLab huchukua hali ya sasa ya tawi kuu la ripo ya violezo. Mwenzako akikosea nafasi moja ya YAML, lugha ya mafaili haya, saa tano usiku, asubuhi ripo zote kumi na moja hazijengeki. Ukiandika tagi, yaani jina la toleo kama `v1.4`, kila ripo inabaki na toleo ililolichagua. Ila tagi nayo huweza kuhamishwa. Machi 2025 wavamizi walizihamisha tagi za `tj-actions/changed-files`, kitendo (hatua ya GitHub Actions iliyoandikwa tayari) kilichokuwa kikitumika kwenye ripo zaidi ya 23,000 za GitHub, zikaelekea kwenye msimbo unaomwaga siri kwenye kumbukumbu za ujenzi. Waliokuwa wamefunga kwa alama kamili ya komiti (badiliko moja la msimbo lililohifadhiwa), zile herufi na tarakimu 40, tagi kuhama hakukuwagusa. Kwa kiolezo cha timu yako mwenyewe, tagi inatosha. Kwa cha mtu usiyemjua, andika zote 40, hata kama zinachukiza macho.

Kuna mtego mwingine mdogo. Ulichoandika kwenye faili la ripo hushinda kilichomo kwenye kiolezo, lakini orodha haziungani. Ukiongeza mstari mmoja chini ya `script`, orodha ya amri za kuendeshwa, ile ya kiolezo inaondoka yote na unabaki na wako tu. Nilipoteza alasiri nzima kwa hilo, majaribio yanapita kwa sababu hayaendeshwi kabisa.

Na usikijaze. Kiolezo chenye vigeuzi ishirini vya kumridhisha kila mtu ni kigumu kusoma kuliko nakala kumi na moja. Chetu kina kazi tatu. Ripo ikitaka ya nne, inaiandika kwake.

Toleo jipya tunalijaribu kwanza kwenye ripo isiyo na haraka, siku mbili tatu, ndipo nyingine zifuate. Ile ya mkonge bado iko `v1.1`.