Taharuki katika filamu za usaliti wa ndoa: ni nini hasa?

Darasani wengi wetu tulifundishwa kwamba taharuki ni mbinu ya kumwacha msomaji na hamu ya kujua kitakachofuata. Maana hiyo si kosa, ila haitoshi, na katika filamu za mume na mke wanaosalitiana inaweza hata kutupoteza. Humo mara nyingi kitakachofuata tunakijua. Tunamjua aliyepanga, tunajua kapanga nini na saa ngapi, na bado tumekaa ukingoni mwa kiti. Kinachotunyima raha ni kujua jambo ambalo mhusika aliyelala chumba cha pili halijui.

Neno lenyewe linatuelekeza huko. Kutaharuki ni kuingiwa na wasiwasi hata ukashindwa kutulia. Udadisi ni kitu kingine, na mshtuko ni kingine pia.

Tofauti kati ya taharuki na mshtuko ilielezwa vizuri na mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock, alipozungumza na mwongozaji wa Ufaransa, François Truffaut, mwaka 1962. Watu wamekaa mezani wanazungumza mambo ya kawaida tu. Chini ya meza kuna bomu. Likilipuka bila sisi kuwa na habari, tunapata mshtuko wa sekunde 15. Lakini tukionyeshwa bomu mapema, tukaambiwa na saa litakapolipuka, mazungumzo yale yale yasiyo na uzito yanatupa dakika 15 za taharuki. Tunatamani kuwapigia kelele waondoke. Hakuna kilichobadilika mezani. Kilichobadilika ni tunachokijua sisi.

Sasa hamisha meza hiyo uipeleke nyumbani kwa wanandoa. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na filamu hizi zinasimama juu ya ukweli huo. Adui wa nje lazima avunje mlango. Mwenza ana ufunguo. Anajua unalala upande gani wa kitanda, simu ikilia utaipokelea wapi, fedha zako ziko wapi. Kwa hiyo mwongozaji hahitaji msitu wala kiza kinene. Akiisha kutuonyesha nia ya mmoja, kikombe cha chai kinachopokezwa kwa tabasamu kinatosha kututia hofu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni filamu ya Hitchcock ya mwaka 1954, Dial M for Murder, iliyotokana na tamthilia ya Frederick Knott. (Nitaieleza mpaka mwisho, anayetaka kuitazama kwanza aishie hapa.) Tony, aliyekuwa mchezaji wa tenisi, anaishi London na mkewe tajiri, Margot. Margot amewahi kuwa na mapenzi ya siri na mwandishi Mmarekani, Mark, na Tony amegundua. Usaliti basi uko pande zote mbili. Nadhani hilo ndilo linaloipa filamu uzito, kwa kuwa hatupewi mtu msafi wa kumkumbatia bila swali.

Tony anamshurutisha mtu mmoja, Swann, amuue Margot. Tena anampitisha katika mpango hatua kwa hatua mbele ya macho yetu: ufunguo wa Margot utakuwa chini ya zulia la ngazi, wewe utajificha nyuma ya pazia, saa 5 usiku nitapiga simu, atatoka chumbani kuja kuipokea. Hapo tumeshaonyeshwa bomu.

Usiku wenyewe unapofika, Tony yuko kwenye karamu na saa yake ya mkononi imesimama bila yeye kujua. Anapogundua, anakimbilia simu, anakuta kuna mtu anaitumia. Kule nyumbani Swann amechoka kungoja na anataka kuondoka. Huku ndiko kutumia sadfa, yaani mambo yanayotukia kwa bahati tu, kwa ustadi. Sadfa inayomwokoa mhusika huonekana ya kubandikwa. Inayomwekea vikwazo mpangaji tunaikubali mara moja, maana kila mmoja wetu amewahi kupanga jambo likamharibikia. Lakini liangalie na hili: kwa sekunde kadhaa tunajikuta tunataka yule mtu aachie simu. Tunataka mpango uendelee! Taharuki nzuri humfanya mtazamaji ashiriki katika jambo ambalo moyo wake haulitaki.

Zipo mbinu nyingine za filamu hizi, kama mbinu rejeshi (kurudi nyuma kwenye matukio yaliyopita) au msimulizi anayetudanganya tangu mwanzo. Hizo mara nyingi hutulenga sisi watazamaji, na zikifanikiwa matunda yake ni mshangao. Nyingine iliyo jirani kabisa na taharuki ni kukabidhi hadithi nzima kwa kitu kidogo cha nyumbani. Katika tamthilia ya Shakespeare, Othello, ni leso, kitambaa kidogo cha mkononi. Hapa ni ufunguo.

Margot anajitetea kwa mkasi na Swann ndiye anayekufa. Tony anatoa ufunguo mfukoni mwa maiti na kuurudisha kwenye mkoba wa mkewe, kisha anapanga mambo hadi Margot anahukumiwa kifo. Kumbe Swann alikuwa ameshaurudisha ufunguo wa Margot chini ya zulia kabla hajaingia ndani, na ule wa mfukoni ulikuwa wa nyumbani kwake mwenyewe. Mkaguzi wa polisi analibaini hilo. Katika tukio la mwisho yuko ndani pamoja na Margot na Mark, kimya, wanangoja. Nje Tony anajaribu ufunguo uliokuwa kwenye mkoba. Haufungui. Anaondoka, anasimama, anafikiri. Sisi tunajua, waliomo ndani wanajua. Safari hii asiyejua ni yeye. Anarudi, anainama kwenye ngazi, anaingiza mkono chini ya zulia.