Saa saba mchana si saa ya picha

Jumamosi iliyopita nilikuwa Capri Point, hapa Mwanza kando ya ziwa, na maharusi, saa saba kasoro dakika kumi. Bibi harusi ameshashuka kwenye gari, wapambe wamelishika gauni lisiburuzike, na mimi nimeshawaelekeza wote waingie kwenye kivuli cha jabali. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa heshima zake, akanifuata akanishika bega. "Mwanangu, jua lote hili Mungu ametupa, wewe unawaficha watu gizani? Watoe hapo wasimame juani, picha ziwe na mwanga."

Nilimjibu kwa adabu, maana ndiye aliyesaini malipo, lakini nilichoka. Maneno hayohayo nimeyasikia kwenye vipaimara, kwenye mahafali ya wanafunzi wa Malimbe, kwenye send-off, hata kwa mpiga picha mwenzangu mwenye kamera ya bei kuliko yangu. Watu wanaamini jua likiwaka sana ndipo picha inatoka safi. Naandika leo ili siku nyingine nimtumie mtu linki badala ya kubishana naye huku bibi harusi anatoka jasho.

Kwanza tuelewane kuhusu Mwanza. Tuko kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua linapita juu ya utosi kabisa, na hata Juni, linapokuwa limeegemea kaskazini kuliko wakati wowote, adhuhuri haliinami zaidi ya nyuzi 26 hivi kutoka utosini. Tena sisi tuko magharibi, lakini saa zetu ni zilezile za Dar. Kwa hiyo jua letu linafika juu kwa kuchelewa, kati ya saa sita na nusu na saa saba, kutegemea mwezi. Mtu anayepanga ratiba ya harusi kwa kudhani saa sita ndiyo kilele na saa saba jua limeanza kulegea, amekosea. Saa saba ndiyo kilele chenyewe. Misa ikiisha saa sita, watu wakisalimiana nje na msafara ukipanda kwenda ziwani, mnafika pale kivuli chako kikiwa chini ya nyayo zako.

Sasa mtazame mtu usoni saa hiyo. Usitazame kamera, mtazame mtu. Paji la uso linawaka, nyusi zinamwaga kivuli machoni, macho yanageuka mashimo mawili. Pua inadondosha alama nyeusi juu ya mdomo. Bwana harusi aliyenyoa vizuri asubuhi anaonekana ana sharubu. Na kwa kuwa mwanga unamchoma, anakunja uso, kisha ndugu wanauliza mbona hakufurahi siku yake. Hapo hapo gauni jeupe limekaa karibu na suti nyeusi. Ukiweka ekspoja, yaani kiasi cha mwanga, ya kufaa uso, gauni linaungua, linakuwa jeupe tupu, na gauni lililoungua halirudi hata kama umepiga RAW, lile faili ghafi la kamera. Giza unaweza kulivuta kiasi, lakini sehemu iliyoungua haina kitu cha kuvuta. Ukiokoa gauni, macho yanazama. Hakuna kuediti kutakakorudisha macho ambayo mwanga haukuyafikia.

Kwa hiyo kivuli. Lakini si kivuli chochote, na hapa ndipo vijana wanaoanza wananiudhi kuliko hata wazee wa kamati. Mzee hana kosa, si kazi yake. Kijana amesikia "piga kivulini" akampeleka bibi harusi katikati ya mwembe, majani yanachuja jua, uso umejaa madoa kama ngozi ya chui, na rangi ya kijani imemwagika kuanzia kidevuni. Kivuli cha kazi ni cha ukingoni: mtu amesimama ndani hatua moja tu kutoka mstari wa jua, uso umeelekea nje kwenye anga iliyo wazi. Hapo anga lote linakuwa taa yako, kubwa na laini, na macho yanapata ile nukta ya mwanga inayoyafanya yaishi. Ukimrudisha hatua tatu ndani, mwanga unamjia kutoka juu na pembeni bila mpango, macho yanakufa tena.

Angalia pia kilicho chini ya miguu yake. Majabali yetu ya Mwanza ni rifrekta za bure. Jiwe lile la kijivu likipigwa na jua mbele ya kivuli chako, linarudisha mwanga usoni kutoka chini, unajaza tundu la macho taratibu bila kubadili rangi ya ngozi. Mchanga nao hivyohivyo. Nyasi hazifai, zinarudisha kijani. Na turubai la bluu, jamani, turubai la bluu ndilo adui yangu mkubwa. Sherehe yote imekaa chini yake, kila mtu ana rangi ya maiti, na mwenye shughuli anasema utarekebisha kwenye kompyuta. Turubai limeshazuia sehemu kubwa ya wekundu kabla haujamfikia mtu. Ukivuta waiti balansi, ile ya kusahihisha rangi ya mwanga, ngozi inarudi nusu, gauni linakuwa la pinki, na kila mgeni aliyekaa ukingoni akipata jua la pembeni anageuka chungwa. Nikiitwa mapema, naomba turubai jeupe. Nisipoitwa mapema, natumia flashi na kuomba radhi.

Flashi mchana ni kitu kingine kinachowafanya watu wacheke. "Jua hili na flashi ya nini?" Flashi ya mchana kazi yake ni kujaza macho. Ila nisiwadanganye kwamba ni rahisi. Kwenye jua kamili ukiwa na ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 100 na shata (muda wa kupokea mwanga) ya sekunde 1/200, ambako flashi nyingi bado zinakwenda sawa na kamera, apacha, yaani tundu la lenzi, inakuwa f/11, tundu dogo. Flashi ndogo ya juu ya kamera, ikipigwa kwa nguvu zote bila kitambaa, inafika hapo kama uko mita mbili, tatu. Rudi nyuma mara mbili ya umbali huo, unabaki na robo ya mwanga. Vaa softiboksi, kile kiboksi cha kitambaa cha kulainisha mwanga, nayo inakula stopu moja au mbili, yaani unabaki na nusu au robo ya mwanga. Kwa hiyo kundi la ukoo wa watu 40 juani, flashi yako ndogo haisaidii kitu. Wageuze jua liwe mgongoni mwao, ekspoja weka ya nyuso, kubali anga liungue.

Na ngozi. Hapa naomba mnisome polepole. Mita ya kamera, ile inayopima mwanga, haijui kama inatazama uso au ukuta. Inataka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Mtu mweusi akijaza fremu, kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na yule dada mwenye weusi wake mzuri wa kung'aa anatoka na rangi ya majivu. Msimamishe mtu huyohuyo mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona mwangaza, inapunguza, na uso unapotea. Watu wawili hao wa mfano ni mtu mmoja, dakika moja, na picha zote mbili zimekosewa. Kwa hiyo napima usoni, napunguza kidogo kwa mweusi sana, naangalia histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, sitazami skrini peke yake, kwa sababu skrini juani inadanganya.

Mwenye kudhani vifaa havikuwahi kuwa na upendeleo asome habari za kadi za Shirley. Kodak, watengenezaji wa filamu, walikuwa wanasambazia maabara za kusafisha picha kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, na mafundi wanasahihisha rangi za kila mteja kwa kufuata ngozi yake. Miaka mingi filamu iliyofika hata kwenye studio zetu ilipimwa kwa ngozi isiyo yetu. Kwa hiyo nikiona baba wa watu kwenye picha ya zamani ya familia ametoka kama kivuli chenye meno, silaumu fundi wa studio ile.

Ngozi nyeusi haihitaji mwanga mwingi kama watu wanavyodhani. Inahitaji chanzo kikubwa. Uzuri wake uko kwenye mng'ao, kwenye mstari wa shavu unaoshika mwanga. Chanzo kikiwa kidogo na kikali kama jua la adhuhuri, mng'ao unakuwa vidoa vya jasho. Kikiwa kikubwa, kama anga lote mbele ya kivuli cha jabali, mng'ao unatanda uso mzima. Mteja akiniambia "kaka nitoe mweupe," namwekea mwanga wa namna hiyo kwanza, namwonyesha. Wengi wananyamaza. Wengine bado wanataka weupe, na hapo sina jibu nililotulia nalo. Picha ni ya kwake, ataiweka ukutani kwake. Naongeza kidogo, halafu usiku naifungua tena na kujiuliza nimemsaidia au nimemfuta.

Ukumbini sitakaa sana. Taa za zambarau zinaua ngozi, mwambie MC awashe taa nyeupe wakati wa keki. Ukiona mistari inapita kwenye picha, ni taa za LED zinapepesa, shusha shata 1/100 au 1/50. Bismarck Rock, lile jabali letu la ziwani, piga asubuhi kama unataka jiwe lenyewe, jioni jua linashuka nyuma yake unapata umbo jeusi tu.

Sasa niseme linalonipinga mwenyewe. Picha ninayoipenda kuliko zote nilizopiga, niliipiga saa saba juani. Ilikuwa Igombe, kwa wavuvi, mama mmoja anageuza dagaa waliotandazwa. Nilikwenda pale alfajiri kwa ajili ya mitumbwi inayorudi na taa zake, nikakosa nilichotaka, nikabaki nimekaa. Adhuhuri mama yule akainama na reki yake, mtandio umefunika kichwa, jua linapiga mgongo, na uso wake wote umewaka kutoka chini. Dagaa ndio walikuwa wanamulika. Maelfu ya samaki wa rangi ya fedha, kila mmoja kioo kidogo. Kamera ilitaka kupunguza mwanga kwa sababu ya fedha ile, nikaongeza stopu moja na theluthi, nikapiga fremu sita. Kwenye moja amenitazama. Nilimwomba ruhusa, akasema piga tu mwanangu, ila na mimi uniletee. Nilisafisha nikampelekea.

Nimerudi pale mara nne saa ileile nikitafuta mwanga ule. Sijaupata. Mara moja mawingu, mara moja dagaa walikuwa wachache, mara mbili sijui kilichokosekana.

Jumamosi ijayo nina kipaimara Nyegezi. Misa inatoka saa tano. Jana nilikwenda kuangalia: nyuma ya kanisa kuna ukuta wa rangi ya maziwa unaotazama magharibi, na saa tano unatoa kivuli cha hatua mbili, mbele yake mchanga mtupu. Nimempigia mama wa mtoto nikamwambia familia ikitoka ije moja kwa moja hapo kabla kivuli hakijaisha. Akaniuliza, "Sasa kaka, si huku mbele ndiko kwenye jua?" Nikamwambia ndiyo dada, huko tutapaki magari.